Shule Ndogo ya Mtaani: Kabla Hujampeleka Mwanao

 Kama uko kwenye daladala umebanwa pale Buguruni, pole sana. Kama uko jikoni unapukuta mchicha, sogeza redio karibu kidogo, usiiweke jirani na maji tu.

Jioni hii tunazungumza na wazazi. Ila kama wewe ni bibi, babu, shangazi au mjomba unayelipa ada ya mtoto wa ndugu yako, nawe usiondoke. Kwenye habari hii wewe ni mzazi, na pengine ndiye mwenye sauti kuliko baba mtoto.

Swali letu ni moja. Je, nimtoe mwanangu kwenye shule ya kawaida ya mjini, ile yenye geti kubwa, basi la njano na wanafunzi mamia kwa mamia, nimpeleke kwenye shule ndogo ya hapa mtaani? Ile yenye watoto kumi, kumi na wawili, hawazidi kumi na watano, wamekaa kwenye nyumba iliyokuwa ya kupangisha, mwalimu mmoja na msaidizi wake, na mwembe uani?

Nitakupa jibu langu, sitakuzungusha. Lakini kwanza shika mambo mawili, maana tutayarudia mara nyingi jioni hii. La kwanza ni mwalimu. La pili ni njia ya kutokea, yaani mtoto akimaliza pale, anaenda wapi na anakwenda na nini mkononi. Mwalimu, na njia ya kutokea. Ukishika hayo mawili, mengine utayapima mwenyewe.

Haya, kwa nini wazazi wa mjini wanauliza swali hili sasa?

Tuchukue familia moja, tuipe makazi Kivule. Baba na mama wote wanafanya kazi. Wana binti wa miaka mitano. Wamemwandikisha shule ya mchepuo wa Kiingereza iliyoko Mikocheni, kwa sababu shemeji yao aliwasifia. Basi la shule linapita kwao saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Maana yake mtoto anaamshwa saa kumi. Anavalishwa amefumba macho. Anakunywa chai ambayo hata hajui ameinywa. Anapakiwa, analala kwenye kiti, anazungushwa Kitunda, Gongo la Mboto, Tazara, kila kituo kinapakia mwingine. Anafika shuleni amechoka kabla ya somo la kwanza. Jioni ni vivyo hivyo, foleni, na anarudi nyumbani giza linaingia, na mkobani ana kazi za kufanya nyumbani kurasa nne.

Nakuuliza mama, huyo mtoto anacheza saa ngapi? Anazungumza na wewe saa ngapi? Miaka mitano, jamani!

Kuna wazazi waliokimbilia bweni kwa sababu hiyo hiyo ya foleni. Wakasema bora alale huko huko. Mwaka 2023 serikali ikatoa waraka wa elimu ikasema watoto wa awali hadi darasa la nne wasikae bweni, ila kwa kibali maalumu. Mimi niliuunga mkono waraka ule na bado nauunga mkono. Mtoto wa miaka sita anahitaji mtu wa kumtambua akiwa na homa usiku, na mtu huyo ni mzazi wake. Lakini wazazi wa pembezoni mwa jiji wakabaki na swali, basi la alfajiri hatulitaki, bweni limekatazwa, tufanyeje?

Utaniambia, mbona kuna shule ya serikali palepale mtaani, anatembea dakika kumi? Ipo, na mimi siidharau shule ya serikali, wengi wetu tunaozungumza kwenye redio tumetoka huko. Lakini tuseme ukweli. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, watoto waliokuwa wamefungiwa nje kwa kukosa michango walifurika shuleni, na hilo ni jambo jema ambalo nchi hii itajivunia. Madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi ile ile, hasa kwenye mitaa inayokua haraka kama Mbagala, Chanika na Chamazi. Kiwango kilichowekwa ni watoto 45 kwa darasa la msingi, na kwa awali ni 25. Nenda kwenye shule ya mtaa wenye watu wengi uhesabu mwenyewe, halafu umwangalie mwalimu wa darasa la kwanza usoni. Yule ni shujaa, lakini hata shujaa hawezi kusikiliza watoto mia moja wakisoma herufi mmoja mmoja kabla ya kengele.

Kwa hiyo mzazi wa Kivule anaona bango kwenye nguzo ya umeme, limeandikwa kwa rangi, darasa dogo, uangalizi wa karibu, mwanao atajua kusoma ndani ya miezi mitatu. Moyo unamruka. Ndugu yangu, hebu utulize kwanza. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tulitazame jambo lenyewe.

Watu wengi wanadhani shule ndogo ni mtindo mpya uliotoka ng'ambo. Si kweli. Ukanda wetu wa pwani umekuwa na shule ndogo kwa karne nyingi. Chuo cha Kurani ni nini kama si shule ndogo?

Nenda Lamu, nenda Pangani, Bagamoyo, Unguja. Maalim amekaa, mbele yake kuna jamvi, na juu ya jamvi kuna watoto. Wa miaka mitano yupo, wa miaka kumi na minne yupo. Hakuna anayesema huyu darasa la pili na huyu la tatu. Huyu yuko kwenye alifu na bee, yule ameshaingia Juzuu Amma, yule pembeni amebakiza kidogo ahitimu. Wote wanasoma kwa sauti, kwa wakati mmoja, kila mtu mahali pake. Ukiwa mgeni utadhani ni kelele. Maalim anamsikia kila mmoja, na anayekosea herufi anaitwa kwa jina lake. Wakubwa wanawasikiliza wadogo, na kwa kuwasikiliza wadogo wao wenyewe wanazidi kushika. Anayekwenda taratibu haambiwi amerudia darasa, anaendelea tu kutoka pale alipofika jana.

Unaona? Umri mchanganyiko, kila mtoto kwa mwendo wake, mwalimu anayemjua mtoto, mama yake na nyumba anayotoka, mkubwa kumfunza mdogo. Yote yanayoandikwa kwenye vipeperushi vya shule ndogo za leo, bibi yako wa Pangani aliyakuta.

Lakini tusipake sukari. Chuo kilikuwa na udhaifu wake, na udhaifu ule ndio wa shule ndogo zote duniani, kwa hiyo usikilize vizuri. Chuo kilikuwa ni maalim. Maalim akiwa mzuri, chuo kizuri. Maalim akiwa mkali wa kupita kiasi, mwepesi wa bakora, mtoto hakuwa na mwalimu mwingine wa kumkimbilia, maana ni yeye pekee. Maalim akihama, akiugua, akifariki, watoto walitawanyika. Jambo letu la kwanza ni lipi? Mwalimu. Kwenye shule kubwa, mwalimu mmoja mbaya anafunikwa na walimu wanne wazuri. Kwenye shule ndogo hakuna wa kumfunika.

Sasa tuvuke bahari kidogo, halafu tutarudi nyumbani upesi.

Marekani, mwaka 2018, kwenye mji wa Mesa jimboni Arizona, baba mmoja anayeitwa Kelly Smith alianza kufundisha watoto saba nyumbani kwake. Kikundi kile kikazaa kampuni inayoitwa Prenda, inayosaidia watu kuanzisha shule za namna hiyo sebuleni, kanisani, kwenye kumbi za mtaa. Ilipokuja korona mwaka 2020 na shule zikafungwa, familia nyingi za kule zikajikusanya tano tano, sita sita, zikatafuta mwalimu mmoja. Mwaka 2022 jimbo la Arizona likapitisha sheria ya kumruhusu kila mzazi achukue sehemu ya fedha za serikali za mtoto wake akazitumie kwenye elimu anayoichagua, shule hizi zikiwemo. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Mzazi wa Mesa anaweza kuilipia shule ndogo kwa fedha ya umma. Mzazi wa Kivule analipa kutoka mfukoni mwake, kila shilingi. Kwa hiyo ukisikia shule ndogo zimeshamiri kule, usidhani zitashamiri hapa kwa njia ile ile.

Na hata huko zipo zilizofungwa. Kijana mmoja aliyetoka Google, Max Ventilla, alianzisha shule ndogo za kisasa San Francisco mwaka 2013, akaziita AltSchool. Matajiri wakamwaga fedha, Mark Zuckerberg akiwemo, zaidi ya dola milioni 170. Kompyuta kila kona. Kufikia mwaka 2019 kampuni ile ilikuwa imeachana na kuendesha shule, imegeukia kuuza programu. Dola milioni 170! Nawe jirani yako anakwambia anaanzisha shule kwa viti kumi na viwili vya plastiki na ubao. Simcheki, pengine yeye atafaulu kuliko wao. Nasema tu kwamba kuendesha shule ndogo ni kazi ngumu, hata kwa mwenye fedha.

Je, darasa dogo lenyewe linamsaidia mtoto? Hapa tuna bahati, kwa sababu swali hili lilipimwa vizuri. Jimbo la Tennessee, huko huko Marekani, kuanzia mwaka 1985 walichukua watoto wa awali wakawafuatilia hadi darasa la tatu. Waliwagawa kwa bahati nasibu, mzazi hakuchagua. Wengine wakawekwa kwenye madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine kwenye madarasa makubwa ya watoto 22 hadi 25. Naona unacheka. Ndiyo, 25 kwao ndilo darasa kubwa! Walihusika watoto zaidi ya 11,000. Waliokaa kwenye madarasa madogo walisoma vizuri zaidi na kuhesabu vizuri zaidi, na walionufaika zaidi walikuwa watoto wa familia maskini. Faida iliyo kubwa ilionekana miaka ya mwanzo kabisa, mtoto anapokuwa bado anajifunza namna ya kuwa mwanafunzi.

Basi jimbo la California likasikia habari hizo. Mwaka 1996 likaamua kwa haraka, madarasa yote ya mwanzo yapunguzwe hadi watoto 20. Wazo zuri. Lakini madarasa yakiongezeka yanahitaji walimu, na walimu hawakuwepo. Wakaajiri wasio na sifa kamili. Walimu wazoefu wakahama shule za maeneo ya maskini, wakaenda kujaza nafasi mpya kwenye maeneo ya wenye nazo. Matokeo yakawa madogo kuliko yaliyotarajiwa.

Weka mifano hiyo miwili pamoja, msikilizaji. Tennessee, darasa dogo na mwalimu mwenye sifa, mtoto akanufaika. California, darasa dogo na mwalimu wa kuokoteza, faida ikayeyuka. Narudia, mwalimu. Udogo wa darasa unampa mwalimu mzuri nafasi ya kufanya kazi yake. Kwa mwalimu asiyejua kufundisha kusoma, watoto kumi na wawili hawatajua kusoma, wote kumi na wawili.

Sasa tuingie kwenye fedha, maana hapa ndipo wengi hawapigi hesabu. Tufanye mfano tu, tarakimu zangu ni za kubuni. Shule ina watoto 12. Kila mzazi analipa 120,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni moja, laki nne na elfu arobaini. Nyingi? Toa kodi ya nyumba. Toa umeme na maji. Toa uji wa asubuhi, unga, sukari, mkaa au gesi. Toa mshahara wa dada anayewapeleka watoto chooni na kuwaosha. Toa vitabu, chaki, karatasi, penseli zinazopotea kila siku. Na wazazi wawili mwezi huu hawajalipa, wanasema tutapunguza Ijumaa. Sasa niambie, mwalimu mwenye cheti chake, aliyesomea chuo cha ualimu, atabakiziwa shilingi ngapi? Na akiitwa kwenye ajira ya serikali Machi, atakusubiri hadi muhula uishe?

Ndiyo maana shule ndogo nyingi hubadilisha mwalimu kila baada ya miezi michache. Na mwalimu akibadilika kwenye shule ya mwalimu mmoja, shule nzima imebadilika. Kwa hiyo unapokwenda kuuliza, usiulize ada tu. Muulize mwenye shule maswali haya, na umuulize kwa adabu, maana yeye naye anahangaika. Mwalimu amekuwa hapa kwa muda gani? Amesomea wapi kufundisha watoto wadogo? Siku akiugua, nani anaingia darasani? Ukiona mwenye shule anakasirika kwa swali la tatu, umeshapata jibu.

Tumeongea juu ya mwalimu. Tuje kwenye lile la pili, njia ya kutokea. Hapa naomba kalamu na karatasi, kama huna mwambie mtoto akuletee.

Kuna vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Hivi vinasajiliwa upande wa ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ni vituo halali, na vingi ni vizuri sana. Lakini kituo cha malezi si shule. Shule inasajiliwa na Kamishna wa Elimu, inapewa namba yake, na kwa shule za msingi namba hiyo huanza na herufi EM. Inatembelewa na wathibiti ubora wa shule, wale tuliowaita zamani wakaguzi. Kinachotokea mitaani ni hiki. Mtu anasajili kituo cha malezi, mambo yanamwendea vizuri, wazazi wanamsihi, aisee, huyu mtoto amekuzoea, endelea naye darasa la kwanza. Anaendelea. Mwaka unaofuata la pili. Cheti kilichotundikwa ukutani ni kile kile cha malezi, kina muhuri, kina fremu, na mzazi akikiona anaridhika. Hasomi kilichoandikwa.

Soma kilichoandikwa. Tafadhali. Ni malezi au ni shule? Ni awali tu au ni awali na msingi?

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mtoto aliyeandikishwa kwenye shule inayotambuliwa anaingizwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani na kupewa namba, ile mnayoiita namba ya PREM. Uhamisho unapita kwa namba ile. Upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapita kwa namba ile. Mtoto asiye na namba hayumo. Anaweza kuwa anasoma kitabu kizima kwa Kiswahili na Kiingereza, anajua jedwali la kuzidisha hadi kumi na mbili, lakini kwenye mfumo hayumo. Na siku ya kujua hilo huwa ni ile siku umeenda kumhamisha, mwalimu mkuu anakuuliza namba, wewe unamwambia namba gani?

Wapo watakaokwambia usiwe na wasiwasi, tuna makubaliano na shule ya jirani, watoto wetu watafanyia mtihani kule. Wengine wanasema kweli, wengine wanapunguza makali tu. Usibishane. Uliza jina la shule hiyo ya jirani, panda bajaji, nenda, muulize mwalimu mkuu kama jina la mtoto lipo au litakuwepo. Na ukishindwa kabisa, Afisa Elimu Kata yuko kwenye ofisi ya kata, na kuuliza ni bure.

Wala usidhani serikali haijui shule ndogo. Inazijua. Kuna shule shikizi. Pale ambapo kijiji au kitongoji kiko mbali na shule, hujengwa madarasa machache ya watoto wadogo, na madarasa hayo yanakuwa chini ya shule mama. Mwaka 2021, kwenye fedha zile za mkopo wa kupambana na athari za korona, serikali ilipanga madarasa 15,000 na kati ya hayo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Nazitaja kwa sababu shule shikizi imetatua jambo letu la pili. Ni ndogo, iko karibu, mtoto hatembei kilomita nyingi, na bado ana shule mama inayomhesabu. Ningependa kuona wenye shule ndogo wa mjini wakiruhusiwa na kulazimishwa kufuata mpango wa namna hiyo, kila kituo kidogo na shule mama yake inayotambuliwa, mwalimu mkuu anayekikagua na jina la kila mtoto kwenye daftari. Hilo si langu kuamua. Lakini waliopo ofisini nao wana redio.

Neno dogo kuhusu marafiki, maana najua kuna shangazi mmoja anasema watoto kumi na wawili ni wachache, mtoto atakuwa mpweke. Kwa mtoto wa miaka minne, mitano, wenzake kumi na wawili wanamtosha sana. Kwa mtoto wa miaka kumi hawatoshi. Huyo anataka timu ya mpira, anataka mshindani wa hesabu, anataka rafiki atakayegombana naye leo na kesho apate mwingine. Shangazi, uko sahihi, ila ni kwa baadaye.

Na kuhusu Kiingereza. Mzazi usichague shule ndogo kwa sababu tu mtoto wa miaka mitatu ametaja rangi kumi kwa Kiingereza mbele ya wageni. Hata kasuku anazitaja. Muulize mtoto akueleze, kwa lugha anayoitumia nyumbani, alichofanya leo shuleni. Akieleza mwanzo, katikati na mwisho, mwalimu wake anafanya kazi.

Haya, nilikuahidi jibu. Jibu langu ni hili.

Kama mwanao ni wa awali, na shule ya mbali inamtaka aamke saa kumi alfajiri, mimi nakwambia chagua mahali padogo pa karibu, mradi mwalimu awe mwalimu kweli na karatasi ziwepo. Narudia, mradi mwalimu awe mwalimu na karatasi ziwepo. Saa mbili za usingizi na saa moja ya kucheza jioni zina thamani kuliko basi lenye nembo. Miaka hiyo ndiyo ambayo darasa dogo linamfaa mtoto kuliko wakati mwingine wowote.

Kwa darasa la kwanza na la pili, shule ndogo iwe imesajiliwa kama shule, na hapo sina mjadala. Ikiwa ni kituo cha malezi tu, mshukuru mwalimu, mpe kitenge au mfuko wa sukari, halafu mhamishe mtoto.

Kuanzia darasa la tatu naanza kuwa na mashaka. Masomo yanaongezeka, mwalimu mmoja hawezi kuwa hodari wa hisabati, sayansi, Kiingereza na jiografia kwa pamoja, na darasa la nne kuna upimaji wa taifa. Kumbuka pia kwamba sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imefupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, kwa hiyo muda wa kurekebisha makosa umepungua. Hapo tafuta shule iliyokamilika, na iliyo karibu iwe ya kwanza kwenye orodha yako, hata kama ni ya serikali, hata kama imejaa. Mzazi anayehudhuria vikao vya shule na kukaa na daftari la mtoto jioni anaweza kulipunguza lile darasa kubwa kwa mwanawe. Anayemwona mtoto wake akiwa amelala tu, asubuhi amelala na usiku amelala, hawezi.

Na kama mwanao ana shida ya kusikia, ya kuona, au anachelewa kuzungumza, usidanganywe kwamba udogo wa darasa peke yake utamsaidia. Uliza kama mwalimu amefundishwa elimu maalumu. Kama hakufundishwa, shule ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu, japo imejaa, inaweza kumfaa zaidi. Wazazi wengi hawajui kwamba vitengo hivyo vipo kwenye baadhi ya shule za kawaida za msingi. Ulizia halmashauri.

Muda wetu unaisha, fundi mitambo ananionyesha vidole. Nina ombi moja kwako kabla ya kufunga. Wiki hii, kabla hujalipa fedha yoyote ya fomu, nenda kwenye hiyo shule ndogo siku ya kazi, saa tatu asubuhi, bila kupiga simu. Siku ya kufungua milango kila shule ni nzuri, hata ukuta unapakwa chokaa. Nenda Jumanne tu ya kawaida. Omba kukaa nyuma ya darasa nusu saa. Angalia kama mwalimu anawaita watoto kwa majina. Angalia choo. Ukitoka, simama mbele ya cheti kilichotundikwa, usome mstari kwa mstari, na uandike namba ya usajili kwenye simu yako. Kisha uipeleke kwa Afisa Elimu Kata umuulize kama anaijua. Asiyekuruhusu kuingia, au asiyekuonyesha cheti, usimwachie mtoto.